Kitambaa cha Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Mshauri amesema niandike. Kidogo kidogo, kila nikipata nafasi, bila kumwonyesha mtu. Haya, nimeanza.

Nimenunua daftari lenye jalada la ngozi. Yalikuwepo ya kawaida, yale ya wanafunzi, nikayapita. Nilipofika nyumbani nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika jina langu kwa mwandiko wa kupendeza. Herufi ya kwanza haikukaa vizuri — nikachana ukurasa, nikaanza upya. Halafu nikakaa nikiwaza ni nani atakayelisoma nikishakufa, na atasemaje. Atasema kumbe mtu huyu alikuwa na kina namna hii!

Ndipo nikakumbuka. Daftari hili halina msomaji. Nikajiona kama mtu aliyevaa suti akafika akaambiwa hakuna sherehe.

Basi tuseme ukweli, maadamu hakuna anayesikiliza. Nimekwenda kwa mshauri kwa sababu ya binti yangu. Ana miaka kumi na sita. Namwita Chiriku tangu alipojua kusema, maana alikuwa hafungi mdomo. Sasa amemwambia mama yake kwamba muhula ujao anataka kuhamia bweni. Shule yenyewe ipo hapo, unatembea tu! Mimi nikasema ni mambo ya marafiki, yatapita. Mke wangu akasema si marafiki, ni wewe. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema mwisho wa mwezi anamtilia mtoto sahihi kwenye fomu ya bweni, isipokuwa nibadilike kabla ya hapo, na nitafute mtu wa kuongea naye.

Mshauri ni mwanamke mfupi mwenye viti vifupi. Aliniomba nijieleze. Nikajieleza saa nzima. Mwishoni akasema anaona nina umimi. Si ugonjwa, akasema, ni mwelekeo, na mtu anaweza kuishi nao akiujua. Nikamwambia, kama mguu unaoelekea ndani — maana hiyo ndiyo kazi yangu, naunda miguu bandia. Akasema mfano mzuri. Nilifurahi njia nzima kwa sababu ya ule mfano. Umimi wenyewe niliusahau mpaka nilipofika mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Kazi niliyopewa: nichague kitu kimoja cha kazini ninachojivunia, nikitazame, niandike ninachokiona. Rahisi. Nikachagua ukuta wa picha.

Karakana yetu iko nyuma ya hospitali. Katikati ya chumba pana vyuma viwili vya kushikilia, virefu, vimesimama sambamba. Mgonjwa akivaa mguu wake mara ya kwanza anatembea katikati ya vile vyuma. Mwenzangu anamshika mkanda kiunoni kwa nyuma. Mimi nasimama mwisho wa vyuma, mikono nimefungua. Anakuja kwangu. Tunapiga picha. Picha zinakwenda ukutani, na ukuta umejaa.

Nilivuta kiti, nikakaa na kalamu. Nikaanza na mzee wa pembeni: amekatwa juu ya goti, goti la chuma nililisawazisha mara nyingi mpaka likatii. Nikaja kwa dada wa pili: kikombe chembamba kuliko vyote nilivyowahi kuunda. Kikombe ndicho kinachopokea kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, hapo ndipo ufundi ulipo. Nikaendelea hivyo hadi mstari wa chini, halafu nikajaribu majina yao. Hayakuja. Miguu yote ilikuja, na hakuna jina lililokuja.

Nikatazama tena. Katika kila picha uso wangu umejaa, una mwanga, meno nje. Wagonjwa wamekaa upande. Wengine ni kisogo tu. Nikamwuliza mwenzangu mbona tunapigia upande huo siku zote. Akasema, "Si ulituambia mwenyewe, fundi? Ulisema mwanga ni mzuri."

Kweli nilisema.

Nilidhani nitaona aibu. Sikuona aibu, nilishangaa tu. Miaka yote hii napita mbele ya ukuta ule na chai yangu mkononi, nikiamini ni ukuta wa wagonjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mgonjwa mpya. Mwalimu mstaafu, mwanamke wa rika la mama yangu. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, kisukari. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba, fundi — na hapo hapo akauliza kama nimenawa mikono. Nilikuwa nimenawa! Nikanawa tena.

Nikamzungushia kigutu bendeji za plasta, Bi Plasta akilowesha na kunipa. Bi Plasta ndiye yule mwenzangu wa karakanani, jina nilimpa mimi. (Hilo nalo. Watu wote wa karibu yangu nimewapa majina mimi. Nimeliona sasa hivi, kalamu iko hewani.)

Kuna jambo wagonjwa hulipenda. Kikombe tunakiunda kwa matabaka ya kitambaa, tunayamwagia resini, gundi inayokauka ikawa ngumu kama mfupa. Tabaka la juu kabisa, mgonjwa anaweza kuleta kitambaa chake mwenyewe, kikaonekana maisha yote ya mguu. Wengine huleta jezi, wengine maua maua. Mwalimu ameleta koti la maabara. Alikuwa anafundisha kemia. Koti jeupe — tuseme liliwahi kuwa jeupe — lina madoa ya manjano, na mkono mmoja una tundu la kuungua. Akalikunja vizuri, akaliweka mezani, akasema hilo ndilo.

Nikasema sawa. Moyoni nikasema Mungu wangu.

Jumapili, 9 Machi

Chiriku anafanya mazoezi bafuni. Amefungua bomba, maji yanapiga ndoo, na chini ya maji nasikia sauti yake inapanda na kushuka. Ana hotuba siku ya wazazi, mwisho wa mwezi. Nikabisha hodi. Nikamwambia mwanangu toka huko, njoo unisomee mimi, nikurekebishe pumzi. Bomba likaongezwa.

Nikaenda jikoni. Mke wangu alikuwa anakata vitunguu. Nikamwuliza huyu mtoto ana nini lakini. Akaniuliza kama nakumbuka mwaka jana. Nakumbuka sana! Kisa kile nimekisimulia kila penye watu. Chiriku alipanda jukwaani, akafika katikati ya hotuba, akasahau. Kimya, ukumbi mzima hata kikohozi hakuna. Mimi niko safu ya mbele, na maneno nayajua, maana nusu niliyaandika mimi. Nikasimama nikamalizia. Kwa sauti, mpaka mwisho. Watu walipiga makofi, mwalimu mkuu akaja kunishika mkono.

Mke wangu akauliza, "Na Chiriku alikuwa wapi?"

"Si jukwaani."

"Nakuuliza alikuwaje. Uso wake ulikuwaje?"

Nimekaa na daftari hili tangu tule, namtafuta mtoto wangu katika ukumbi ule. Namwona mwalimu mkuu. Namwona mzee wa safu ya pili anayefuta machozi. Najiona mimi, shati la bluu. Chiriku simwoni. Wala sijamsahau — sikumtazama. Mtu unaweza kuwa mahali, macho umeyatoa hivi, na usione kilichokuleta! Nimeduwaa. Siandiki zaidi leo.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefanya jambo la maana. Naliandika kabla halijapoa.

Tulikuwa tunamwaga kikombe cha Mwalimu. Umbo la plasta nimelisugua likawa laini kama shavu, matabaka ya chini yamekaa, limebaki la juu. Nikalishika lile koti. Nikalinusa. Nikawaza, mama wa watu atembee na madoa haya barabarani, watu waulize mguu huu ameunda nani? Nilikuwa na kitambaa changu kabatini, bluu iliyokolea, kina nyuzi za dhahabu, nakitunza kwa ajili ya mtu maalumu. Nikakitoa. Bi Plasta akasema, fundi, si amesema koti? Nikamwambia ngoja uone, atalia kwa furaha.

Mguu umetoka — sijawahi kuunda mguu mzuri hivi. Nimeupiga picha peke yake, halafu nikaupiga nikiwa nao.

Naona haya mambo ya mshauri yameanza kunisaidia. Zamani nisingemfikiria mgonjwa kiasi hiki.

Ijumaa, 14 Machi

Mguu niliufunika taulo. Mwalimu alipokaa sawasawa nikalivuta taulo taratibu, kama wanavyofunua kitu kwenye uzinduzi. Akautazama. Akautazama sana. Nikamwambia usione haya, Mwalimu, kulia ruksa.

Akasema, "Huu si wangu."

"Ni wako, nimekupima mwenyewe."

"Koti langu liko wapi?"

Hapo nikadanganya. Ulimi ulitangulia, mimi nikafuata. Nikasema lile koti lilikataa resini, nyuzi zimechoka, kikombe kingepasuka ukaumia. Nilizungumza kitaalamu sana.

"Pamba haikatai resini, mwanangu," akasema, kwa upole tu, kama anamrekebisha mtoto wa dawati la nyuma. "Ningekuuliza hilo kwenye mtihani ungekosa."

Hakujaribu hata kuuvaa. Akasema nimtafutie koti lake, akashika magongo, akaondoka. Bi Plasta akamfungulia mlango. Mimi nilibaki katikati ya chumba nimepakata mguu.

Jumamosi, 15 Machi

Hana shukrani. Basi.

Nyuzi za dhahabu!

Jumatatu, 17 Machi

Nilikwenda kwa mshauri nimejaa hasira. Nikamsimulia yote ili aniunge mkono. Hakuniunga mkono wala hakunipinga. Akauliza kama niliandika. Nikasema niliandika, tena vizuri. Akasema nisimsomee, nijisomee mwenyewe, kimya, hapo hapo kwenye kiti.

Nikajisomea Jumanne yangu. Nilipofika penye "zamani nisingemfikiria mgonjwa kiasi hiki" nikasimama. Nikarudi juu kutafuta mahali nilipomfikiria. Nikatafuta mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi. Kuna madoa. Kuna barabara. Kuna watu wanaouliza mguu ameunda nani. Mwalimu hayumo. Hayumo kwenye mguu wake mwenyewe!

Na hiki ndicho kilichoniacha mdomo wazi. Nilipokuwa nakata kile kitambaa cha bluu nilijisikia mwema. Utamu wa wema kabisa, kifuani hapa. Umimi ungekuwa unauma ningeujua zamani sana. Kumbe unakuja umevaa nguo za upendo, nami naufungulia mlango na kuuvutia kiti. Nikamwuliza mshauri, sasa nitajuaje siku nikipenda kweli? Akasema hajui. Lakini leo umeuliza, akasema, na akaangalia saa.

Nikaenda moja kwa moja karakanani. Bi Plasta alinikuta nimepiga magoti mbele ya ndoo ya matambara. Koti lilikuwa humo. Nililitupa mwenyewe, Jumanne ile ile, baada ya kulifutia mikono yenye resini. Lilikuwa limekauka, gumu kama ubao, mkono mmoja umesimama. Nikalikunjua likalia. Mahali pamoja tu palikuwa bado laini, mfuko wa kifuani, kwa kuwa ulikunjwa kwa ndani.

Bi Plasta akafungua droo. Akanipa mkasi.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu nyumbani. Anakaa na mdogo wake wa kike. Sebule ndogo, safi, viti vimesogezwa ukutani ili magongo yapite. Njiani nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi. Yalikuwa mazuri mno — ya kunifanya mnyenyekevu kuliko wanyenyekevu wote wa mji huu. Nilipofika mlangoni nikayasikia jinsi yanavyolia, nikayaacha hapo hapo kwenye viatu.

Nikasema tu: koti nililifutia mikono, nikakudanganya, limebaki hili. Nikampa mfuko.

Akaupokea. Akaingiza vidole viwili ndani yake, akavisugua, akavitazama. Akasema hapa nilikuwa naweka chaki. Basi. Hakulia, hakunifokea, hakunisamehe pia. Na mimi nilikuwa nasubiri nisamehewe, naona sasa, nilikaa pale kwa ajili hiyo kama anayesubiri chenji. Mdogo wake akaleta chai, tukanywa, msamaha haukuja. Chai ilipoisha Mwalimu akauliza kama kipande kinatosha.

Nikasema kinatosha ukanda mdogo. Uhai ukanirudia! Nikamwambia nitauweka mbele, chini ya goti, mahali pa kuonekana, nitauzungushia —

"Weka ndani," akasema.

"Ndani wapi, Mwalimu?"

"Ndani ya kikombe. Upande wa kigutu."

Nikamweleza kwamba huko hakuna atakayeuona. Hata yeye mwenyewe hatauona, maana mguu wake ndio utakaofunika. Akasema anajua. Akasema, "Mimi nitakuwa najua upo."

Nikamwuliza utamsaidia nini kama hauonekani. Sikuuliza kwa ubishi, nilitaka kujua, kama mtoto. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona ananihurumia.

"Wewe huna kitu cha namna hiyo?"

Nimerudi kwa miguu kusudi nitafute. Nina kazi yangu, iko ukutani. Nina visa vyangu, vimesimuliwa. Hata jina la mtoto, Chiriku, huwa naeleza kila mgeni lilivyonijia. Nimefika nyumbani sijapata. Ni kama amenionyesha kwamba watu wengine wana chumba nyuma ya nyumba, na kila siku wanaingia, wanatoka, na mimi nilidhani nyumba zote zinaishia sebuleni.

Ijumaa, 21 Machi

Umbo la plasta lilikuwepo bado, kwa hiyo kikombe kipya kimewahi. Nje Mwalimu alichagua kijivu, hakina chochote. Ndani, ule ukanda. Nilipomaliza kuulaza na kuupitishia kidole nilitaka kuandika herufi zangu pembeni, kama ninavyofanya siku zote. Kalamu ilikuwa mkononi tayari. Nikairudisha.

Akavaa. Akasimama katikati ya vyuma. Nikaenda mahali pangu, nikafungua mikono.

"Toka hapo, mwanangu. Unaniziba dirisha."

Nikatoka. Sikujua nikasimame wapi! Karakana yangu mwenyewe, nikazunguka ndani yake kama mgeni. Bi Plasta akaninyooshea mkanda. Kwa hiyo nilisimama nyuma.

Migongo naitazama kila siku ya Mungu. Naitazama kwa ajili ya nyonga, kwa ajili ya kisigino kinavyogusa. Leo nilikuwa nimeshika mkanda na mtu yuko upande wa pili. Shingo yake ina kovu dogo chini ya nywele, na nywele amesuka mwenyewe, mistari imepinda. Bega la kulia lilitangulia kuogopa, la kushoto likalituliza. Nilisikia anahesabu kwa kunong'ona. Alikuwa anafanya kazi kubwa sana, na kazi ile haikunihusu hata kidogo. Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa wote? Wale wote wa ukutani, kila mmoja alikuja na haya yote, na mimi nilikuwa mbele nikitabasamu kwa kamera.

Alifika mwisho wa vyuma, akaomba fimbo, akaendelea mpaka dirishani. Akafungua komeo, akasukuma. Huko nje kuna tangi la maji na magari ya hospitali. Akasimama anatazama tangi. Uso wake sijui ulikuwaje. Safari hii nilitamani kujua.

Bi Plasta akauliza kwa ishara, nipige? Nikatikisa kichwa. Na papo hapo nikajivunia kwamba sikupiga picha, nikaanza kufikiria nitakavyomsimulia mshauri. Haukosi mlango, umimi huu. Nilicheka peke yangu, Mwalimu akageuka akauliza nacheka nini, nikasema najicheka. Akasema vema.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi nilimwambia Chiriku natoka, narudi jioni, nyumba ni yako na mama yako. Akanitazama kama niliyelewa. Nilipofika kwenye kona nikakumbuka kwamba dirisha la sebule liko wazi, na ukisimama kwenye uzio unasikia kila kitu. Nilisimama pale kwenye kona muda mrefu. Halafu nikaenda zangu. Nilizunguka mji mzima kama mtu asiye na kwao.

Niliporudi mke wangu akasema leo bomba halikufunguliwa.

Wakati wa chakula nikajikaza. Nikamwuliza Chiriku, siku ile mwaka jana, uliposahau, uso wako ulikuwaje? Mimi sikuutazama. Nikanyamaza — hilo lilinigharimu, nilikuwa na maelezo.

Akasogeza sahani yake pembeni. Akasema hakuwa amesahau.

"Lilikuwa linakuja, baba. Lilishafika hapa." Akagusa midomo.

Mke wangu akaweka kijiko chini. Mimi sikuwa na la kusema, na kwangu hilo ni tukio. Mwaka mzima nimekisimulia kisa cha mtoto aliyesahau na baba aliyemwokoa. Neno lilikuwa midomoni mwake. Nililipokonya hapo hapo, likiwa bado na mate yake, na nikapigiwa makofi!

Baadaye mama yake akaniletea masharti chumbani. Anasema uje Ijumaa. Safu ya mwisho. Usisimame, usiseme chochote, usionekane. Na bweni je, nikauliza. Anasema ataamua baada ya Ijumaa.

Jumatano, 26 Machi

Nimepata kitu kimoja, cha namna ile aliyouliza Mwalimu. Ni kidogo. Sikiandiki hapa.

Ijumaa, 28 Machi

Ukumbini. Safu ya mwisho, nyuma ya nguzo. Nimevaa shati la kijivu. Daftari liko gotini, naandika ili mikono iwe na kazi. Mke wangu yuko kushoto kwangu. Feni zinazunguka, viti vinalia, watoto wanatumwa huku na huku na vitambaa vya meza. Mwalimu mkuu anapenda kipaza sauti kuliko mimi. Nimemwelewa mara moja.

Zamu yake inafuata.

Amemaliza. Naandika haraka.

Ilikuwa juu ya nyuki. Sikuwa najua hata neno moja la hotuba ile, na sijui mtoto wangu amejifunza lini habari za nyuki. Alianza vizuri. Alifika penye malkia, akasema watu hudhani malkia wa nyuki ndiye anayetawala mzinga, lakini malkia — akasimama.

Kimya. Kimya kile kile cha mwaka jana.

Magoti yangu yalitaka kunyanyuka yenyewe. Sikuwa na la kusema, sikujua neno lenyewe, na bado yalitaka! Nilishika kiti kwa chini. Mke wangu hakunitazama. Nikatoa kichwa kidogo pembeni ya nguzo nikamtazama mtoto.

Nimeuona. Uso wa mtu ambaye neno linamjia. Hakuwa na hofu. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza mlango wa mbali, na macho yamepoa, na kona ya mdomo ikaanza kusogea kabla ya sauti. Yuko peke yake kabisa huko ndani na haombi msaada. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile. Miaka kumi na sita naishi naye!

Halafu likaja. "Lakini malkia hatawali chochote," akasema, akaendelea mpaka mwisho, taratibu, na makofi yakapigwa. Hakunitafuta kwa macho. Nililia. Hakuna aliyeona ila nguzo.

Nilidhani nimemaliza kuandika. Sijamaliza.

Mwalimu mkuu amechukua kipaza sauti. Anasema amemwona yule baba wetu wa mwaka jana, kumbe leo amejificha nyuma ya nguzo. Watu wanacheka. Wanageuka. Anasema mnamkumbuka? Wanamkumbuka. Anasema haiwezekani tufunge bila baba huyu kutuambia mawili matatu kuhusu binti yake.

Nimetikisa kichwa. Makofi yameongezeka, wanadhani ni unyenyekevu. Na ni matamu, jamani, hata haya ya kukataa ni matamu.

Nimetikisa tena. Anashuka ngazi za jukwaa na kipaza sauti mkononi, anakuja katikati ya viti, anacheka, anashikana mikono na watu njiani. Mke wangu ameweka kiganja juu ya goti langu. Hakandamizi. Amekiweka tu. Ninaendelea kuandika kama mtu aliye na kazi ya haraka.

Chiriku amesimama pembeni ya jukwaa, karibu na pazia. Ananitazama. Kutoka huku nauona uso wake wote.

Ningeweza kusema asante tu nikakaa. Ningeweza kusema sauti ya leo ni yake. Hiyo ni kweli. Tena ingependeza — ukiisema polepole, ukanyamaza kidogo, ukasema ya leo ni yake, ukumbi mzima ungelia.

Amefika safu ya mbele yetu. Kipaza sauti kinapita juu ya vichwa. Chiriku hajaondoa macho. Sentensi ya kwanza imeshakuja, iko hapa, midomoni. Ni nzuri sana.